Ligi Iliyobaki na Timu Mbili: Kwa Nini Vyuo vya Marekani Vinahamahama

Msimu wa mwaka 2024 Marekani kulikuwa na ligi ya vyuo yenye timu mbili. Sio timu mbili zilizofika fainali, hapana. Timu mbili, ligi nzima. Inaitwa Pac-12, na hiyo 12 ndiyo idadi ya wanachama iliyokuwa nao mpaka katikati ya mwaka huo. Vyuo kumi viliondoka, vikabaki Oregon State na Washington State, vyote viwili katika miji midogo ya kaskazini magharibi ya nchi. Vyuo hivyo havikushuka daraja wala havikufungiwa. Kosa lao lilikuwa moja tu: televisheni haikuwataka.

Najua mtu atauliza, sisi huku kwenye vimbweta tunahangaika na bumu lililochelewa, hayo ya Marekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Vyuo hivyo ndivyo vilivyowapitisha wakimbiaji wetu wakubwa. Henry Rono wa Kenya, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, alikuwa mwanafunzi wa Washington State, hicho hicho kilichoachwa. Suleiman Nyambui, mmoja wa Watanzania wawili tu waliowahi kuleta medali ya Olimpiki nyumbani (mwingine ni Filbert Bayi), alisoma Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, maarufu kama UTEP, ambacho nacho kinabadilisha ligi Julai 2026. Na mpaka leo kuna kijana Arusha, Singida au Eldoret anayeamka alfajiri kukimbia akiwa na ndoto ya kusoma huko kwa ufadhili wa miguu yake. Nani anacheza ligi gani, na kwa nini, ni jambo linaloamua kama ufadhili huo utakuwepo.

Kwa hiyo twende taratibu.

Konferensi ni kitu gani

Michezo ya vyuo vya Marekani inasimamiwa na chama kiitwacho NCAA, kilichoanza mwaka 1906. Daraja lake la juu lina vyuo zaidi ya 350, na vyuo hivyo vimejigawa katika makundi wanayoyaita konferensi. Sisi tuyaite ligi. Ligi inapanga ratiba, inaandaa mashindano ya ubingwa, inaajiri kamishna wa kuiongoza, na kubwa kuliko yote, inauza haki za matangazo kwa niaba ya wanachama kisha inawagawia fedha.

Tofauti na ligi tunazozizoea ni hii: huku kwetu timu ikimaliza mkiani inashuka, na ya daraja la chini ikifanya vizuri inapanda. Kule hakuna kupanda wala kushuka. Chuo kinaweza kufungwa miaka kumi mfululizo kikabaki ligi kuu, na kingine kikashinda kila kitu kisifunguliwe mlango. Unaingia kwa kualikwa na kupigiwa kura na wanachama waliopo. Ukitaka mfano, ifikirie kama upatu. Wanaocheza wanachagua nani aingie, na hakuna anayemtaka mtu ambaye mchango wake utakuwa mdogo kuliko mgao atakaochukua.

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba chuo kikihama, kinahama na karibu michezo yake yote. Uamuzi unafanywa kwa kuangalia mchezo mmoja, ile futiboli ya Kimarekani ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, kwa sababu ndiyo inayoingiza fedha nyingi za televisheni. Lakini wanaoogelea, wanaocheza voliboli, wanaocheza tenisi na wanaokimbia, wote wanabebwa humo humo.

Zamani ligi hizi zilikuwa za majirani. Big Ten, iliyoanza mwaka 1896, ilikuwa ya vyuo vya majimbo ya katikati ambavyo vingefikiana kwa treni. Mzazi wa Pac-12 alizaliwa mwaka 1915 kwa ajili ya vyuo vya upande wa bahari ya Pasifiki. Majina yalikuwa na maana. Sasa angalia hali ilivyo: Big Ten, yaani Kumi Kubwa, ina vyuo 18. Big 12 ina vyuo 16. ACC, ambayo jina lake linataja pwani ya Atlantiki, ina wanachama wawili kutoka California, upande wa pili kabisa wa nchi. Mwanafunzi wangu wa mazoezi ya kufundisha akiniletea hesabu na jiografia ya namna hiyo, wallahi namrudishia daftari.

Yote yalianzia mahakamani

Ukitaka mzizi wa jambo hili, nenda mwaka 1984. Mpaka wakati huo NCAA ndiyo iliyokuwa ikidhibiti matangazo yote ya futiboli ya vyuo. Iliweka idadi ya mechi zitakazoonyeshwa na mara ngapi chuo kimoja kinaweza kuonekana, kwa hoja kwamba mechi zikijaa kwenye runinga watu wataacha kwenda viwanjani, na vyuo vikubwa vitawameza vidogo. Vyuo vya Oklahoma na Georgia vikashtaki. Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura saba dhidi ya mbili, ikasema utaratibu huo unavunja sheria za ushindani wa biashara.

Mmoja wa majaji wawili waliopinga ni Byron White. Huyu bwana alikuwa nyota wa futiboli Chuo Kikuu cha Colorado na akacheza ligi ya kulipwa kabla ya kuwa jaji, kwa hiyo alikuwa anazungumza kitu anachokijua. Hoja yake ilikuwa kwamba wenzake wanakosea kuichukulia michezo ya vyuo kama biashara tupu, wakati kazi yake ya msingi iko ndani ya elimu. Alishindwa. Tangu hapo vyuo na ligi vikawa huru kuuza mechi zao vyenyewe, kila mmoja kwa bei atakayoipata.

Sasa mwenye bidhaa akiwa huru kuuza, anatafuta wenzake wa kuuza nao kwa faida. Televisheni inanunua watazamaji, na watazamaji wanafuata majina makubwa na majiji makubwa. Ligi yenye Los Angeles ndani inauzika kuliko ligi yenye mji wa mashamba ya ngano. Mwaka 2022 Big Ten ilisaini na Fox, CBS na NBC mkataba wa miaka saba wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Mwaka huo huo Big 12 ilikubaliana na ESPN na Fox takribani dola bilioni 2.28 kwa miaka sita, wastani wa dola milioni 31.7 kwa chuo kwa mwaka. Ukiwa mkuu wa chuo, na jirani yako anapata mgao mkubwa kuliko wako kila mwaka, na mnagombania makocha na wachezaji wale wale, utakaa kimya mpaka lini?

Jinsi Pac-12 ilivyobomoka

Hodi ya kwanza ilipigwa Julai 2021. Texas na Oklahoma, vigogo wa Big 12, vilitangaza kwamba vinahamia SEC, ligi ya majimbo ya kusini. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 30 Juni 2022, USC na UCLA za Los Angeles zikatangaza kuiacha Pac-12 na kwenda Big Ten, ligi ambayo mwanachama wake wa karibu wakati huo alikuwa Nebraska, katikati ya nchi.

Pac-12 iliyobaki na vyuo kumi ikaingia sokoni kutafuta mkataba mpya wa matangazo bila jiji lake kubwa kuliko yote. Tayari ilikuwa na jeraha la zamani: mwaka 2012 ilianzisha televisheni yake yenyewe badala ya kushirikiana na kampuni kubwa, na televisheni hiyo haikufika kwenye nyumba nyingi ilizozitarajia. Wakati Pac-12 bado inajadiliana, Big 12 ikawahi kusaini. Fedha za wanunuzi wakubwa zikawa zimekwisha kugawanywa, na ofa iliyowekwa mezani mwishoni ilitoka Apple, ya matangazo ya mtandaoni ambayo sehemu ya mapato yake ingetegemea ni watu wangapi watajiunga na kulipia. Yaani chuo kinaambiwa: mshahara wako utajulikana tukishaona wateja.

Julai 2023 Colorado, chuo cha yule Jaji White, kikatangaza kwenda Big 12. Kisha ikaja tarehe 4 Agosti 2023. Ndani ya siku hiyo moja Oregon na Washington zilikwenda Big Ten, na Arizona, Arizona State na Utah zikachukuliwa na Big 12. Mwezi uliofuata Stanford na California, vyuo viwili vinavyoheshimika duniani kitaaluma, vikakubaliwa ACC kwa masharti ambayo mtu mwenye njia nyingine asingeyasaini: kuanza kwa kupokea kiasi cha asilimia 30 tu ya mgao wa kawaida wa matangazo. Chuo cha SMU cha Dallas, kilichoingia nao ACC kutoka ligi nyingine, kilikubali miaka tisa bila mgao wa televisheni kabisa. Kilikuwa na matajiri wa kukifidia. Hapo ndipo unapoona thamani ya kiti: watu wanalipia kuingia kwenye upatu ili tu wasiachwe nje.

Serikali ya California nayo ilijikuta kwenye kituko. UCLA na California ni vyuo vya umma vya mfumo mmoja, chini ya bodi moja. Kwa kuwa kuondoka kwa UCLA kulimtia ndugu yake hasara, bodi iliamua mwaka 2024 kwamba UCLA imlipe California dola milioni 10 kwa mwaka. Mtoto mmoja amehama nyumba, mzazi kamwambia umtumie mdogo wako matumizi.

Waliobaki walifanya nini

Dau la mnyonge haliendi joshi, lakini hawa wanyonge wawili hawakukaa wakilia. Oregon State na Washington State zilikwenda mahakamani zikidai kwamba anayeondoka hawezi kuendelea kukaa kwenye bodi na kuamua matumizi ya mali za ligi anayoiacha. Mahakama ya wilaya ya Whitman, jimbo la Washington, ikawapa haki mwezi Novemba 2023, na mwezi uliofuata Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikakataa kuingilia uamuzi. Kwa hiyo wawili hao wakabaki na jina, na akiba, na mamlaka ya ligi yenye historia ya zaidi ya miaka mia. Kilichokosekana ni wapinzani.

Sheria za NCAA zilitoa muda wa neema wa miaka miwili kwa ligi iliyopungukiwa wanachama. Wakautumia. Walikodi mechi kutoka ligi jirani ya Mountain West, na michezo mingine mingi wakaihifadhi kwa muda katika West Coast Conference. Kisha, Septemba 2024, wakafanya kile kile walichofanyiwa: wakaichota Mountain West. Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State na Utah State zikakubali kujiunga. Baadaye ikaongezwa Gonzaga, chuo kidogo cha Kikatoliki chenye jina kubwa kwenye kikapu na kisicho na futiboli kabisa, na mwaka 2025 ikaongezwa Texas State. Ligi hiyo mpya ya vyuo tisa, nane kati yake vyenye futiboli, inaanza rasmi tarehe 1 Julai 2026. Memphis, Tulane, South Florida na UTSA walibishiwa hodi pia, wakapiga hesabu zao na kubaki walipokuwa.

Mountain West iliyochotwa nayo ikatafuta wa kujaza nafasi, na mmoja wa walioitwa ni UTEP ya Nyambui. Hapa historia imejizungusha vizuri sana. Enzi za Nyambui, UTEP ilikuwa kwenye ligi iitwayo WAC. Chuo hicho kilitwaa ubingwa wa taifa wa mbio za nyika mara nyingi miaka hiyo, na Nyambui mwenyewe alikuwa bingwa wa nyika wa mtu mmoja mmoja mwaka 1980, mwaka ule ule aliopata fedha ya mita 5,000 Moscow. Mwaka 1996 WAC iliamua kujitanua mpaka vyuo 16 vilivyotawanyika kutoka Hawaii hadi Texas na Oklahoma. Ikawa kubwa mno kusafiri, ndogo mno kwa mgao. Mwaka 1999 vyuo vinane vikajitoa na kuanzisha Mountain West. UTEP ikaachwa. Sasa, miaka 27 baadaye, inakaribishwa kwenye ligi ya wale wale waliomwacha, kwa sababu nao wameachwa na wengine.

Kwa hiyo anayesema kuhamahama huku ni jambo jipya, mwambie asome habari za WAC. Kipya ni ukubwa wa fedha.

Nani analipa nauli

Los Angeles hadi New Jersey, kilipo Chuo cha Rutgers cha Big Ten, ni karibu kilometa 4,000 kwa ndege, umbali unaokaribia ule wa Dar es Salaam hadi Cairo, na saa zinapishana tatu. Timu ya futiboli inacheza mara moja kwa wiki, mara nyingi Jumamosi, na inasafiri na ndege ya kukodi. Safari za mbali zitakuwa chache kwa msimu. Mzigo mkubwa unawaangukia wa michezo inayochezwa mara nyingi na katikati ya wiki: voliboli, mpira wa laini wa wanawake, besiboli, soka. Hao ndio wanaofungua kompyuta uwanja wa ndege kufanya testi, na kurudi saa nane za usiku wakiwa na kipindi saa mbili asubuhi. Sisi wenyewe tunajua ukikosa vipindi wiki mbili kinachofuata ni sapu. Mwanafunzi huyo hakuulizwa kama anataka kuhama ligi, na fedha zilizomhamisha hazikutokana na mchezo wake.

Niseme ukweli na upande wa pili. Wakimbiaji hawaumizwi sana na nauli, kwa sababu riadha na nyika haziendi kwa mechi za nyumbani na ugenini. Timu zinakwenda kwenye mashindano ya mwaliko zinayoyachagua zenyewe, na ligi inawakutanisha kwenye ubingwa tu. Na watetezi wa kuhama wana hoja ambayo haipaswi kudharauliwa: kwenye vyuo vikubwa, ni fedha za futiboli zinazolipia riadha, kuogelea na karibu kila mchezo usioingiza kitu. Chuo kikiachwa kwenye ligi ya mgao mdogo, anayeanza kukatwa ni mkimbiaji. Kwa hoja hiyo, kuhama ni kumlinda.

Hoja hiyo ingenishawishi zaidi kama ulinzi ungeonekana. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Ni haki yao; walitengenezea watu wengine mabilioni kwa miaka mingi bila mshahara. Lakini fedha hiyo lazima itoke mahali, na sehemu kubwa inatarajiwa kwenda kwa futiboli na kikapu cha wanaume. Mwaka huo huo UTEP ilifuta timu yake ya tenisi ya wanawake. Washington State, ikiwa na mapato ya ligi iliyobomoka, ilifuta mitupo na miruko kwenye riadha, ikapunguza na mbio fupi, ikaamua kubaki hasa na mbio ndefu.

Mbio ndefu ndizo zilizokuwa jina la chuo kile. Kabla ya Rono alikuwapo Samson Kimobwa, Mkenya mwingine wa Washington State, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977. Kwa hiyo mwanariadha wa mbio ndefu amesalimika pale, kwa sasa. Mrusha mkuki na mruka juu hawakusalimika, na hakuna hata mmoja wao aliyefanya vibaya mtihani au uwanjani.

Nani atahama tena

Kutabiri majina ni kazi ya waganga, ila tarehe zinaonekana. Mkataba wa Big Ten unakwisha msimu wa 2029-30. Wa Big 12 unakwisha mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo kati ya 2030 na 2032 soko linafunguliwa tena, na kila chuo kinajiandaa.

Jicho liko zaidi kwa ACC. Florida State na Clemson, vyuo viwili vyenye majina makubwa kwenye futiboli, viliishtaki ligi yao wenyewe, kimoja Desemba 2023 na kingine Machi 2024, vikitaka njia ya kutokea. Machi 2025 walipatana. Mgao wa matangazo ukabadilishwa ili chuo chenye watazamaji wengi kichukue zaidi, na faini ya kuondoka ikapangwa kushuka mwaka hadi mwaka mpaka kufikia dola milioni 75 msimu wa 2030-31. Soma tarehe hizo tena. Wamekubaliana kubaki mpaka siku ambayo kuondoka kutakuwa rahisi. North Carolina, chuo cha zamani cha Michael Jordan, nacho kinatajwa kila mazungumzo haya yanapoanza, kwa kuwa jimbo lake lina watu wengi na SEC na Big Ten zote hazina mwanachama humo.

Halafu kuna Notre Dame, mwenye nyumba yake mwenyewe. Futiboli yake haina ligi. Ina mkataba wake na NBC tangu 1991, ulioongezwa hadi 2029. Michezo yake mingine mingi iko ACC. Kikiamua kuingia mahali moja kwa moja, wengine watapangwa upya kumzunguka.

Kuna pendekezo ambalo watu wengi wa michezo midogo wanalitaja na mimi naliona la busara kuliko yote: futiboli itenganishwe. Vyuo vya futiboli viunde ligi zao za televisheni kwa umbali wowote wanaoutaka, na michezo mingine irudi kwenye ligi za majirani. Haihitaji miujiza. Notre Dame tayari inaishi kwa mpangilio wa kugawanya michezo, na Gonzaga imeingia Pac-12 bila futiboli. Anachokosa mchezaji wa voliboli wa UCLA ni mtu mwenye kura atakayelisema hilo kwenye kikao.

Kwa anayetafuta ufadhili

Wenzetu wanaendelea kwenda, na wanafanya vizuri: Edwin Kurgat wa Iowa State alikuwa bingwa wa nyika wa NCAA mwaka 2019, Doris Lemngole wa Alabama mwaka 2024, wote Wakenya. Ukiwa na mdogo wako au mwanafunzi wako wa baadaye mwenye miguu ya namna hiyo, kocha akipiga simu kutoka Marekani usiulize tu jina la chuo. Uliza hivi.

Ufadhili ni wa mwaka mmoja unaoweza kukatwa, au umeandikwa kwa miaka yote ya kozi? Chuo kiko ligi gani, na kuna tangazo lolote la kuhama? Riadha ya hapo imepunguziwa nini miaka miwili iliyopita? Timu ikifutwa, ufadhili wa aliyepo unalipwa mpaka ahitimu? Kocha akihama, nani atabaki na ahadi yake kwa maandishi?

Na swali moja la wageni peke yao: viza. Wengi wetu wanaingia kwa viza ya mwanafunzi, F-1, ambayo ina mipaka mikali ya kufanya kazi. Malipo haya mapya ya wanamichezo, ambayo Mmarekani anayapokea kwa kusaini tu, kwa mwenye F-1 ni jambo la kumtafuta mwanasheria kwanza. Asije akapokea dola elfu tano akapoteza digrii nzima.

Mimi nasomea ualimu, kwa hiyo kila nikisoma habari hizi narudi kwa Jaji White, si kwa kamishna yeyote. Vyuo hivi vyote bado vinaitwa vyuo. Wanaopiga kura ya kuhama ni wakuu wa vyuo na bodi zao, watu walioajiriwa kusimamia elimu, na kwenye vikao vyao kuna nambari za watazamaji, nambari za mgao na nambari za faini. Ningependa siku moja nambari ya vipindi vilivyokoswa nayo iwekwe mezani kabla ya kura kupigwa.

*Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Shahada ya Elimu.*